Kisukumio Chenye Meno

Harufu ya hamira iliyopigwa na jua haifanani na nyingine yoyote. Ina uchachu wa togwa iliyosahaulika mtungini, na nyuma ya uchachu huo kuna utamu unaokuja pale unapodhani umeshamaliza kunusa. Watu wengine wakiisikia jikoni huona hasara, wakaanza kuulizana nani kaliacha donge likaharibika. Mimi nikiisikia, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye miwani na watoto wawili, hutabasamu peke yangu. Nitawaeleza kwa nini, ila naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, maana habari yenyewe ni ya kisasi, na nilikuwa na miaka kumi.

Tulikaa Bigwa, pale mji wa Morogoro unapoanza kuupanda mlima. Mama alizaliwa juu zaidi, Matombo, akashuka mjini alipoolewa, na baba alipofariki hakurudi tena kwao. Tulibaki wawili, yeye na mimi, na maandazi yake. Kila alfajiri niliamshwa na sauti ya kisu kikigonga kibao, ko, ko, ko, maandazi mia mbili ya kupeleka shuleni na kwenye vibanda vya chai. Sauti ile haikuwa sawasawa. Ilikuwa na kituo kila baada ya mapigo matano au sita, na katika kituo kile mama alikuwa anakanda kifundo cha mkono wake wa kulia.

Mkono ule aliuvunja akiwa msichana, alipoteleza kwenye mteremko na mkungu wa ndizi kichwani. Mzee mmoja wa kijijini aliuunga kwa vijiti na kamba za mgomba. Ukaunga, lakini ukaunga umepinda. Mwezi wa sita, baridi ya milimani iliposhuka na mawingu yakaukalia Uluguru mpaka mchana, mama alikata maandazi huku ameuma upindo wa kanga.

Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu wa kutazama. Mwaka mmoja, baada ya mvua za vuli, nilimkuta amesimama kando ya barabara na sinia tupu kichwani, anatazama matope. Lori lilikuwa limepita, na matairi yake yalikuwa yameacha vijumba vya pembe nne, vimepangana vizuri hadi kwenye kona. Alisimama pale mpaka nikaona haya kwa ajili yake. Kisha akasema, "Hadija, hebu ona. Limekata bila kukata."

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi ya pili. Alichukua mpini wa jembe uliovunjika akaukata kipande cha urefu wa dhiraa. Akaazima mkasi wa fundi bati, akakata kopo la mafuta ya kupikia likawa vipande vyembamba. Vinne alivizungusha kwenye mpini kama bangili, vinne akavilaza kwa urefu, akavikaza kwa misumari midogo. Kisukumio cha kwanza kilipinda. Cha pili kililiponda donge badala ya kulikata. Cha tatu kilimchukua miezi mitatu, maana alikitengeneza jioni tu, na mkono wake haukumpa nafasi ya kuharakisha. Siku ya kukijaribu, alilitandaza donge kwenye kibao, akakipaka kile kisukumio unga mkavu, akakigonga mara mbili unga uliozidi udondoke, akasukuma mara moja. Maandazi kumi na mawili, pembe nne kila moja, yakabaki yamelala nyuma yake.

Mama alicheka. Nawatajia hili kwa sababu sikumbuki kumwona akicheka vile kabla ya hapo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa niwaletee Mama Shukuru. Alikuwa jirani yetu na shoga wa mama, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama pale mtaani, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyokuwa inafika kabla yake. Mtoto wake Shukuru nilisoma naye darasa moja. Mama Shukuru ndiye aliyekuwa anamsemea mama kila mahali, kwenye vikao, bombani, hata dukani, na nadhani mama alimpenda kwa hilo. Mtu asiye na maneno humpenda mwenye nayo.

Alikiona kisukumio wakati wa masika, alipokuja kuomba chumvi.

"Jamani, shoga yangu! Umekifanya wewe hiki? Niazime siku mbili tu, tuna maulidi kwa dada yangu. Nikate maandazi na mimi nionekane mtu."

Mama alimpa. Siku mbili zikawa wiki mbili. Siku aliyorudi alikuja ameshika shavu.

"Shoga, utaniua. Kile kidude chako kimedondoka mtaroni, na mvua ilivyokuwa, kimekwenda na maji."

"Basi," mama alisema. "Si kitu."

Lakini kilikuwa kitu. Fundi bati aliyetuazima mkasi alikuwa amehamia Ngerengere. Mama akarudi kwenye kisu, na mkono ukavimba mpaka bangili yake ya shaba haikupita tena. Ile ko, ko, ko ikaanza upya, na vituo vikawa virefu kuliko zamani.

Mwezi wa saba, Shukuru aliniletea habari mwenyewe, bila hila yoyote, masikini. Tulikuwa tumekaa kwenye dawati, akaninong'oneza kwamba mama yake amebuni mashine ya maandazi, kata imemchagua kuwa mbunifu wao, na wanaipeleka maonyesho ya Nane Nane. Akachukua penseli akanichorea nyuma ya daftari langu. Mpini. Bangili nne. Vipande vinne vya kulala. "Tumeipaka bluu," akasema. Nikamnyang'anya ile penseli nikairusha dirishani, na yeye mpaka kengele ilipolia alikuwa bado ananiuliza amenikosea nini.

Nilikimbia nyumbani nikamkuta mama anafua. Nilimweleza yote huku nalia. Hakuinua kichwa.

"Wameipaka bluu?" akauliza.

"Bluu."

"Aa." Akakamua shati, akalitundika. "Mwachie Mungu, Hadija."

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Niliona Mungu ana kazi nyingi, na kwamba kesi yetu ingekaa chini kabisa ya rundo. Bibi yangu wa Matombo alikuwa na msemo, kimya kingi kina mshindo, lakini mimi nilidhani anazungumzia mito. Nikaamua kumsaidia Mungu. Wiki zile nililala na kisasi kama mtoto mwingine anavyolala na mdoli. Nilipanga kumtilia Mama Shukuru upupu kwenye kanga zake zikiwa kambani. Nilipanga kumfungulia kuku. Nilipanga hata kumwombea aote kipele ulimini, ili ile sauti yake ipumzike. Kila mpango ulikuwa na dosari moja: haukumfikisha mbele za watu. Nami nilitaka watu waone.

Siku ya Nane Nane shule zimefungwa. Mama alinipaka mafuta mpaka nikang'aa, akanivalisha gauni la Idi, akatwaa mkoba wake, tukaondoka. Sikuwa nimetegemea kwenda. Tulipokuwa tunateremka kuifuata barabara kubwa, mama, ambaye angeweza kutembea hadi Kingolwira bila kutamka neno, akaanza kuzungumza.

"Hadija, unajua donge la maandazi linaogopa nini?"

"Kisu?"

"Kisu halikiogopi. Mafuta ndiyo kabisa, huko ndiko linakokwenda kunenepa. Linaogopa jua. Ukiliacha juani saa moja au mbili linalegea, linanata kama ulimbo. Hapo hata meno ya bati hayalikati. Linayameza."

Nikasema, "Kumbe." Akasema, "Ndiyo hivyo." Hakuzungumza tena mpaka getini.

Sijui niwaeleze vipi maonyesho yale jinsi yalivyoonekana na mtoto ambaye nyumbani kwao kifaa kipya kilikuwa sufuria. Kulikuwa na vumbi jekundu, muziki kutoka pande nne, harufu ya mishikaki na ya rangi mbichi. Bwana mmoja alikuwa amevaa kipaza sauti shingoni, anakata nyanya vipande vyembamba hivi kwamba ungeweza kusoma gazeti kupitia kimoja. Banda la pili walikuwa na vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga wenye maji. Mwenyewe alinitolea soda humo ndani nikaishika, ilikuwa ya baridi, na hapakuwa na umeme popote. Nilimwona mama mmoja akipukuchua mahindi kwa kuzungusha mkono wa chuma, punje zikiruka kama mvua ya mawe. Niliona mtego wa panya wa ndoo, wenye kibao kinachopinduka, na panya wa plastiki wa kuonyeshea. Mzee mmoja alikuwa anauza kidude cha kutungia uzi kwenye sindano, akiwaambia akina mama wenye umri, "Macho yako yastaafu, vidole viendelee na kazi." Nilitaka kila kitu. Kwa muda wa kama nusu saa nilisahau hata kuchukia.

Kisha tukafika kwenye mabanda ya kata.

Kilikuwa pale, juu ya kitambaa cheupe, kimelazwa kama maiti ya mtu mkubwa. Bluu inayong'aa. Nyuma yake kuna kibao kimeandikwa MBUNIFU, na chini yake jina kamili la Mama Shukuru, ambalo sikuwa nimewahi kulijua. Nilisogea karibu. Kwenye bangili ya pili kulikuwa na msumari ambao mama aliupinda kichwa kwa bahati mbaya, siku ambayo mkono ulimchezea. Msumari ule ule, umepakwa bluu. Kumbe hata kuiga hakuiga. Mtaro haukuwahi kukiona kile kisukumio.

"Hadija, msalimie mama yako," mama akasema.

"Shikamoo," nikasema. Macho yangu yalibaki kwenye ule msumari.

"Marahaba, mwanangu! Karibuni, shoga. Si unajua, nilipoona chako kimepotea nikasema nijaribu kutengeneza changu."

"Umefanya vizuri," mama akamjibu kwa upole. "Kimependeza." Akatazama huku na huku. Nyuma ya banda, kwenye kivuli cha turubai, kulikuwa na beseni limefunikwa kitambaa kibichi. "Basi mwache Hadija hapa akufukuzie nzi. Mimi naenda kuangalia mbegu. Hadija, usichezee vitu vya watu."

Akaenda zake.

Ilikuwa saa nne. Waamuzi walikuwa wapite saa sita. Mama Shukuru alishughulika na wageni wake mbele, akiwasimulia alivyokosa usingizi akiwaza kuwapunguzia wanawake mzigo. Mimi nilikaa nyuma na ufagio wa kufukuzia nzi, nikalitazama lile beseni. Kivuli kiliishia hatua mbili kutoka pale lilipokuwa. Mbele yake kulikuwa na kipande cha bati kimelala chini, na jua lilikuwa limekikalia tangu asubuhi.

Nililivuta beseni taratibu, kila msemaji wa kipaza sauti wa banda la jirani alipopaza sauti nikavuta kidogo. Nikalikalisha juu ya bati. Nikaondoa kile kitambaa. Halafu nikakaa kando yake kama mtu anayeangalia chungu kisifurike.

Donge liliumuka. Kwanza likawa kama shavu la mtu mwenye jino bovu, baadaye likapita mdomo wa beseni, likaanza kutoa mapovu, likalegea na kushuka tena. Ndipo ile harufu ilipokuja. Nisiwadanganye, sikuwa na hofu. Nilikuwa na furaha, furaha nzito yenye ladha ya chuma. Waamuzi walipoonekana mwisho wa safu, nikalirudisha beseni kivulini na kulifunika.

Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye daftari na gauni jeupe la mikono mirefu. Watu wakasogea. Mama Shukuru akashika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia ndani ya beseni, na nikamwona akisita. Donge lilitoka kama linamfuata, likining'inia. Akalimwaga kwenye kibao akacheka kidogo.

"Leo limekuja na mashamsham," akasema. Watu wakacheka naye.

Akasukuma. Kisukumio kikazunguka nusu, kikasimama, kikazunguka tena, na donge lote likainuka kutoka kwenye kibao likakivaa kama kilemba. Akavuta. Likavutika. Nyuzi ndefu zilitoka kwenye bangili hadi kwenye vidole, kwenye kipaza sauti, kwenye ushungi wake. Yule mwamuzi akasema, "Hebu nione," akanyoosha mkono kumsaidia, na lile gauni jeupe likapata sehemu yake. Hapo watu hawakucheka naye tena. Walimcheka.

Mwamuzi alijifuta. "Mwenzangu, wewe ndiye mbunifu. Ulilizuiaje lisinate?"

"Ni... ni hili jua la leo."

"Sawa, lakini hapa umefanyaje? Kwa nini bangili nne na si tano?"

Mama Shukuru, ambaye hakuwahi kukosa neno maisha yake yote, alikosa.

"Samahani," ikasema sauti iliyotokea kwenye umati. "Shikamoo, mama. Naomba nijaribu."

Alikuwa mama yangu. Alipita mbele bila haraka, akafungua mkoba akatoa karatasi ya unga wa ngano, nusu kilo hivi. Akachomoa njiti kwenye ufagio wangu, akasafisha meno ya kisukumio moja moja. Akakata pande la donge lililolegea, akalikanda na ule unga mkavu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukisaidia tu, mpaka likarudiwa na akili. Akalitandaza. Akakipaka kisukumio unga, akakigonga mara mbili. Akasukuma mara moja.

Kumi na mawili.

"Nani alitengeneza kifaa hiki?" mwamuzi akauliza, na alimwuliza mama. Mama alimgeukia Mama Shukuru, akamwambia kwa sauti ile ile ya kusema si kitu:

"Shoga. Waambie."

"Ni cha kwake," alisema Mama Shukuru. Alisema taratibu sana, kwa kunong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa bado kimegandia mkononi mwake. Safu nzima ya mabanda ilisikia. Hata yule bwana wa nyanya aliacha kukata.

Mwamuzi akafuta jina kwenye daftari, akaandika lingine. Mama alipewa cheti, na kisukumio chake kikafungwa kwenye gazeti. Nilitembea kutoka pale nikiwa nimeinua kidevu, nikitamani njia iwe ndefu zaidi.

Nyumbani aliniambia nivue gauni la Idi, nilale kifudifudi.

"Nani aliliweka lile beseni juani?"

Sikuweza kumdanganya. "Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Kumbuka hivyo hivyo. Hakuna aliyekutuma." Akanichapa fimbo tatu, na fimbo zenyewe ziligonga kanga zaidi kuliko mimi. Lakini nilipogeuka nilimwona anatoka machozi, na nikaamini nimemwaibisha.

Mama Shukuru hakuweza kukaa. Watu walianza kumwita Ulimbo, wakubwa nyuma ya mgongo wake, watoto usoni pa Shukuru. Kabla ya mwaka kwisha walihamia kwa ndugu zao Kisaki. Siku walipopakia vitu, Shukuru alikaa juu ya magodoro, akanitazama na hakunipungia. Kwa mama yake sikuwahi kujuta, na hata leo nikijichunguza sioni majuto. Shukuru ndiye hunijia mara moja moja, na ile sura yake ya kuuliza amenikosea nini.

Niliishi na habari hii miaka mingi kama mali yangu. Mimi, mtoto wa miaka kumi, ndiye niliyemlipizia mama asiyejua kujitetea. Niliwasimulia rafiki zangu, nilimsimulia mume wangu. Mwaka jana nilikuwa nawaandaa watoto kwenda maonyesho yale yale. Nikatia kwenye mkoba maji, karanga, kofia, kanga ya kukalia. Nikasimama na mkoba wazi mikononi. Niliuliza kwa sauti, mpaka mwanangu akageuka: hivi nani huenda maonyeshoni na nusu kilo ya unga wa ngano?

Tulipotoka huko niliwapitisha watoto Bigwa. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Sasa macho yamechoka, huchambua kwa vidole. Nikakaa naye kwenye mkeka.

"Mama, siku ile ya Nane Nane. Ule unga ulikuwa wa nini?"

Vidole vyake vilisimama, kisha vikaendelea.

"Umechelewa kuuliza," akasema.

"Ulinituma."

"Sikukutuma. Nilikusimulia habari za donge." Akatupa chuya pembeni. "Mwanangu nilikuwa namjua. Wewe ulikuwa unasaga meno usingizini tangu mwezi wa saba. Na mimi maneno sina, Hadija. Ningekwenda kusema ni changu, yule angesema zaidi yangu, na wangemwamini yeye."

Nilitaka kucheka na nilitaka kukasirika. Miaka yote ile nilidhani nimeubeba mzigo wake bila yeye kujua, kumbe aliupima kwanza, akauona unanitosha, akanitwika.

"Sasa zile fimbo?" nikauliza. "Kama ulijua, ulinichapia nini?"

Mama alisogeza pembeni mchele uliokwisha chambuliwa. Wanangu walikuwa wanapiga kelele kule bombani.

"Zile zilikuwa zangu," akasema. "Mtoto wa yule mwanamke alikuwa amesimama pale, anatazama. Wewe hukumwona. Mimi nilimwona. Nikarudi nyumbani nikitaka mtu anichape, na hapakuwa na mtu."